Ijumaa ya Kutaja Majina

Maalim Abdurahman alipotangaza msikitini kwamba makaburi ya Tsakani yatafyekwa yote kabla ya Ramadhani, wanaume waliitikia kwa moyo mmoja, na habari ikafika majikoni kabla wao hawajavaa viatu. Sababu ilijulikana. Wapimaji wa serikali walikuwa wameonekana upande wa baharini wakipiga vigingi, na kila walipokuta pori walisema ni ardhi isiyo na mwenyewe. Tsakani palikuwa na makaburi ya tangu zama za mababu, mengine yamejengwa kwa mawe na chokaa, lakini vichaka vilikuwa vimeyafunika mpaka mgeni angeapa kuwa hapo hapajazikwa hata paka.

"Tutafyeka, tutapaka chokaa, kisha tutayataja majina," Maalim alisema. "Kila kaburi, jamaa yake atasimama kichwani amtaje mwenyewe, na sote tumwombee. Asiye na jamaa tutamtaja sisi. Tusiyemjua, tutasema anajulikana na Mola wake. Mpimaji akija, atukute tumesimama na watu wetu."

Siku hiyo hata wanawake waliruhusiwa kuingia pamoja na wanaume, kwa stara, ilimradi walete maji na wafagie.

Mwanarusi alizipata habari hizo akiwa uani anasuka mkeka, na furaha aliyoipata haikuwa ya kheri tupu. Alijiona amesimama mbele ya mji mzima, amejitanda buibui lake jeusi, anataja kwa sauti: hapa amelala Chirau wa Tsuma. Nani angesahau tena ni nani aliyekuwa mke? Alisuka safu nzima akitabasamu peke yake. Kisha akasikia mlango wa pili ukifunguliwa, na tabasamu likaisha.

Nyumba yao ilikuwa na ua mmoja na milango miwili. Mlango wa upande wa barabara ulikuwa wake, mke mkubwa. Ule wa upande wa jikoni ulikuwa wa Mbeyu, mke mdogo. Chirau, mume wao, alifariki kwa homa katika masika ya mwaka wa juzi, akawaacha wanakaa ua mmoja kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuondoka. Waliamkiana asubuhi na kupeana moto, lakini kila mmoja alipika chungu chake.

Tuseme ukweli: Mwanarusi alikuwa na wivu, tena si wivu wa kupita na kwenda zake. Huu ulikuwa umehamia, ukajenga. Alimwonea Mbeyu wivu kwa sauti yake, kwa kiuno chake, na zaidi kwa vile watu walivyomwita "Mama Biasha", ilhali yeye aliitwa Mwanarusi tu, jina lake kavu alilopewa na wazazi. Miaka yote aliyokaa na Chirau hakujaaliwa mtoto. Mbeyu aliingia juzijuzi, na Chirau alipokufa alimwacha na mimba kubwa.

Na mimba hiyo ndiyo iliyochochea moto. Wote wawili walikaa eda, lakini eda ya mjamzito huisha akijifungua. Mbeyu alijifungua mapema, akatimiza arubaini yake, akatoka, na Mwanarusi bado yumo chumbani na nguo zake za eda, anasubiri miezi iishe. Kwa hivyo mke mdogo ndiye aliyetangulia kumzuru mume. Mwanarusi alipofika Tsakani kwa mara ya kwanza, alikuta makaburi mawili mapya yamekaribiana, kwani siku ile ile ya mvua alizikwa pia Jefwa, mkwezi wa minazi. Moja lilikuwa limekwisha kupandwa mrehani. Akajua mara moja ni mkono wa Mbeyu. Lilikuwa kaburi fupi. La pili lilikuwa refu na pana, na Chirau alikuwa mwanamume mrefu, akipita mlangoni huinama.

"Hata urefu wa mumewe haujui!" Mwanarusi alijiambia, na moyo ukamburudika kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akapanda mrehani wake kwenye lile refu. Hakumwuliza mtu. Wanawake hawaendi mazikoni, basi angeuliza wanaume; na mke mkubwa mzima ataanzaje kuuliza mumewe kalazwa wapi, hali mdogo kishapanda mrehani? Tangu hapo yeye alikwenda Ijumaa asubuhi, Mbeyu alikwenda alasiri. Kila mmoja aliona mrehani wa mwenzake umestawi, akamcheka kimoyomoyo, na hawakupata kulizungumza.

*

Walilizungumza siku ya kuchanganya chokaa. Mwanarusi alikuwa ameuza bangili zake za fedha kwa mwenye duka wa Msambweni ili apate chokaa nzuri, nyeupe, isiyo na mchanga. Aliikoroga kwenye karai katikati ya ua, makusudi, ionekane. Mbeyu akatoka na kikapu cha chokaa ya kuomba kwa ndugu zake, yenye rangi ya jivu.

"Nzuri hiyo, dada," alisema.

"Chirau hakuwa mtu wa kupakwa majivu."

Mbeyu akaweka kikapu chini. Alikuwa mwanamke mtaratibu, na utaratibu wake nao ulimchoma Mwanarusi. "Nami nataka kukuuliza jambo, usinikasirikie. Chokaa hiyo waipeleka kaburi lipi?"

"La mume wangu."

"Mume wetu yuko kwenye lile lenye mrehani wangu, dada. Hilo unalomwagilia wewe si lake."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwuliza Randu nilipotoka. Si yeye aliyewachimbia wote wawili?"

Mwanarusi aliacha kukoroga. Mate yalimkauka kinywani, lakini ulimi haukukauka. "Na kwa nini hukuniambia? Miaka miwili hii, waniona natoka na debe langu la maji kila Ijumaa, wanyamaza?"

Mbeyu alitazama chini. "Nilikuonea wivu," alisema. "Wewe ulikaa naye maisha. Kila nikipika chakula aliniambia Mwanarusi hupika hivi, Mwanarusi hutia kile. Nikaona, pale angalau, niwe naye peke yangu."

Mtu mwingine angelia kwa kusikia maneno hayo. Alikuwa ametajwa kila siku katika nyumba ya mwenzake, naye asijue! Lakini Mwanarusi alikuwa ameshika kijiti cha chokaa na hasira imempanda kichwani, na neno alilolisikia lilikuwa moja tu: peke yangu.

"Muongo wee!" alisema. "Wewe na Randu wako. Kesho nitamtaja Chirau pale nilipomwagilia, na tutaona watu watamwitikia nani."

"Hatuwezi kumtaja mara mbili, dada. Tutachekwa. Maalim atamwita Randu amwulize."

"Na amwulize."

*

Alimkuta Randu nyuma ya nyumba yake anatia jembe mpini. Randu alikuwa amewachimbia watu wa mji makaburi kwa kujitolea tangu ujanani, na hakuna aliyemjua kwa maneno mengi.

"Shikamoo, kaka Randu."

"Marahaba, shemeji. Kaa."

Hakukaa. "Niambie Chirau yuko wapi."

Randu aliugeuza mpini, akautazama ulivyonyooka, akauweka. "Nilikuwa nikiiogopa siku hii," alisema. "Chirau yuko kwenye lile fupi."

"Chirau alikuwa mrefu!"

"Alikuwa mrefu, na ndani kalala vizuri, hakukunjwa. Juu ndiko kulikofupika, maji ya mvua yalikula udongo wa miguuni. Lile lingine lilitubomokea mara mbili, tukalichimba upya, ndiyo maana likawa kubwa. Humo ni Jefwa."

Jefwa! Mwanarusi alishika ukuta. Jefwa, yule mfupi mwenye kelele aliyekuwa akiangusha nazi juu ya paa la jiko lake, na akigombezwa hucheka huko huko juu ya mnazi! Kumbe ni Jefwa ambaye yeye alikuwa akimfagilia, akimmwagia marashi ya Idi, akimsimulia mambo ya nyumba. Mambo gani hakumwambia? Alimwambia jinsi kitanda kilivyokuwa baridi. Alimwambia hata kwamba paa la jiko sasa limepona, tangu yule mshenzi wa nazi aondoke duniani.

"Na wewe uliniona," alisema. "Uliniona nakaa pale, ukapita."

"Niliona haya. Siku ya kwanza nilisema nitakwambia kesho. Baadaye ikawa kila Ijumaa ni vigumu zaidi ya iliyotangulia. Nisamehe, shemeji."

"Nitakusamehe. Kesho Maalim akikuuliza, sema Chirau yuko pale nilipopanda mimi."

Randu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Niseme uongo juu ya maiti?"

"Ulikwisha kusema, kwa kunyamaza. Mbeyu ana mtoto, kaka Randu. Akizeeka kuna mtu atakayemwita mama, atakayemchotea maji. Mtoto ana macho ya Chirau, kila mtu asema. Mimi nina nini? Nilikuwa na mume, akaja mwenzangu. Nilikuwa na eda, akanitangulia kutoka. Nimebaki na kaburi, na leo waniambia hata hilo si langu. Kesho nisimame pembeni mbele ya mji mzima, waseme miaka miwili Mwanarusi anamlilia mkwezi? Watanicheka mpaka nife. Watoto watanitungia nyimbo."

Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya hila. Randu alifuta mikono yake kwenye shuka. Hakuzoea kuombwa kitu na walio hai.

"Chirau hatahama kwa maneno yangu," alisema mwishoni. "Lakini dhambi hii ni yako, shemeji. Mimi naibeba upande mmoja tu, kwa sababu ya ule ukimya."

*

Ijumaa ilipofika, Tsakani haikujulikana. Vichaka vilikuwa vimefyekwa na kurundikwa pembeni, na makaburi ya kale, yenye nguzo na maua ya kuchongwa, yalitokeza moja moja kama watu waliotoka kuoga. Wazee walipita wakiyagusa kwa fimbo. Majina ambayo hayakutajwa tangu Vita vya Kwanza yalitajwa, na kila jina lilipotajwa watu waliitikia, "Mungu amrehemu," na hakukosa mtu wa kufuta macho. Lilipofikiwa kaburi lisilojulikana, Maalim mwenyewe alisimama kichwani akasema, "Huyu anajulikana na Mola wake," na hapo sauti za watu zilikuwa ndogo kidogo.

Mwanarusi alisimama kwenye lile refu, jeupe la kung'ara kwa chokaa ya bangili zake. Mbeyu alisimama kwenye lile fupi, la rangi ya jivu, amembeba Biasha ubavuni. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja. Msafara ulipowafikia, wote wawili walifungua vinywa kwa pamoja.

"Hapa amelala Chirau wa..."

"Hapa amelala Chirau..."

Kisha kicheko kimoja kikatoka upande wa wanawake, kikazibwa kwa leso, kikatoka kingine. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama marehemu alikuwa na miili miwili kwa wake wawili. Mbeyu aliinamisha kichwa. Mwanarusi alikaza shingo.

"Nyamazeni," Maalim alisema. Siku ya mazishi yale yeye alikuwa Mombasa, na wanaume wachache waliokwenda katika mvua ile, kila mmoja alisema lake: huyu akanyoosha kidole huku, huyu kule. "Randu, njoo. Wewe ndiwe uliyechimba. Chirau ni yupi?"

Randu alikuja na jembe lake. Hakumtazama Mwanarusi wala Mbeyu. Alilitazama jembe.

"Ni hili kubwa," alisema. "Hili dogo ni Jefwa."

Uso wa Mbeyu ulibadilika. "Kaka Randu! Si wewe uliyeniambia..."

"Nilikosea. Mvua ilikuwa kubwa siku ile."

"Basi Alhamdulillahi, imejulikana," Maalim alisema. "Mama Biasha, usione haya, hakuna aliyekosa isipokuwa mvua. Mwanarusi, mtaje."

Mwanarusi alimtaja. Sauti yake ilitoka nzuri kuliko alivyotarajia, na mji mzima ukaitikia, "Mungu amrehemu," kwa nguvu, kwani Chirau alipendwa. Ndiyo saa aliyoingoja tangu azijue habari, ikapita kwa muda wa kumeza mate. Kisha Maalim akageuka, akasogea kwenye kaburi fupi ambalo Mbeyu alikuwa ameliacha, akasema, "Na hapa amelala Jefwa, ndugu yetu, aliyekuja kwetu bila ya jamaa." Watu wakaitikia nusunusu, wengine wameshaanza kutembea. Mwanarusi alisikia jina la mkwezi likiwekwa juu ya kichwa cha mumewe. Alitaka kusema kitu. Akamwona yule aliyecheka mwanzo anamtazama, akafunga mdomo.

Mbeyu alikuja upande wake pole pole. Alikuwa analia bila ya sauti.

"Dada, nisamehe," alisema. "Miaka miwili nakucheka moyoni, na kumbe mpumbavu ni mimi. Wewe ulimjua. Mimi sikumjua hata alipolala."

"Yamekwisha."

"Niruhusu nije na mtoto. Ijumaa, pamoja nawe. Sitapanda kitu changu, nitamwaga maji tu." Akamshusha Biasha, akamshika mkono, wakamwagia maji pamoja kutoka kwenye kata. "Mwambie, Baba, salamu."

"Baba, thalamu," Biasha alisema, akiliangalia kaburi la Jefwa kwa macho ya Chirau.

Mwanarusi hakuweza kutazama. Aliinama akajifanya anapanga kokoto, na Mbeyu, akidhani analia kwa uchungu wa mume, akamwekea mkono begani. Ulikuwa mkono wa kwanza kumgusa tangu eda, na hakujua aufanye nini.

*

Alikuwa ameshinda. Kisimani walimpisha achote kwanza. Mbeyu alianza kumpelekea uji asubuhi, na Biasha akazoea kuja kulala kwenye mkeka wake. Lakini Ijumaa zilikuwa mzigo. Alikwenda na Mbeyu, akakaa kwa Jefwa, akasikia Mbeyu akizungumza na Chirau maneno matamu mahali ambapo Chirau hakuwepo, huku kwa pembe ya jicho akiliona lile fupi, mrehani wake umenyauka, mchwa wameanza kupanda. Hakuweza kulisogelea. Mtu angeona. Angesema nini, amempenda mkwezi ghafla? Akapanga kwamba siku moja, Mbeyu akiwa na udhuru, atakuja peke yake na debe moja la ziada, amwagie kama mtu anayemwaga maji yaliyobaki.

Siku hiyo ilipatikana katikati ya Ramadhani, Biasha alipopata homa na Mbeyu akabaki naye. Mwanarusi alitoka mapema, madebe mawili, moyo unamwenda mbio kama mwari. Njia nzima alikuwa akitunga atakayomwambia. Alikuwa na mengi, na mengine ilibidi aanze upya, kwani aliyesimuliwa mwanzo hakuwa yeye.

Alipofika alikuta mwanamke ameketi pale pale, kwenye kaburi fupi.

Alikuwa mtu mzima, mnene, miguu imejaa vumbi la barabara. Alikuwa ameng'oa mrehani mkavu wote, amepanda wake, amefagia, amefukiza udi kwenye kigae. Kiganja chake kilikuwa juu ya udongo, kinapapasa taratibu huku anazungumza.

"Shikamoo, mama," Mwanarusi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kahaso, natoka Kinango. Huyu hapa ni ndugu yangu, Jefwa." Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. "Miaka miwili nalia bila ya kujua nielekee wapi. Tulisikia tu ameanguka mnazini, amezikwa kwa watu. Ndipo nikaletewa habari kwamba watu wa hapa wameyataja makaburi, na lake limejulikana. Mungu awabariki nyote. Na wewe umekuja kwa nani?"

Mwanarusi alionyesha kwa kidevu lile refu. "Mume wangu."

"Mola amrehemu. Mrefu, eh? Wangu alikuwa mfupi huyu, mfupi!" Kahaso alicheka katikati ya machozi. "Tazama, hata kaburi limemkaa kama nguo ya kushonewa."

Akaendelea kupapasa. Mwanarusi aliuangalia mkono ule unavyopanda na kushuka, juu ya kifua cha Chirau, mchana kweupe, mkono wa mwanamke asiyemjua, na ule wivu wake wa zamani, aliodhani umelala, ukaamka. Mbeyu angalau alikuwa mke. Huyu ni nani? Alitaka kumshika kifundo amwambie, toka, huyo ni wangu, mimi ndimi niliyemlalia ubavuni. Maneno hayo yangetaka maneno mengine nyuma yake, na hayo hangeweza kuyasema mbele ya Maalim, mbele ya wanawake wa kisimani, mbele ya Mbeyu na uji wake wa kila asubuhi.

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka ya kuomba, "wewe wakaa mbali. Mimi niko hapa kila Ijumaa. Niachie mimi nikumwagilie. Nitamtunza, wallahi, nitamtunza kama wangu."

Kahaso aliinua kichwa, akamtazama kwa mapenzi.

"Ahsante sana, mwanangu. Una moyo mwema. Lakini nimekwisha kuhamia kwa binti yangu, hapa Msambweni, kwa ajili ya huyu. Nitakuja mwenyewe. Nimemkosa sana, sitaki mkono wa mtu mwingine umguse." Akamwonyesha kaburi refu, jeupe, lililokuwa linangoja. "Nenda, usimcheleweshe. Wewe una wako."

Mwanarusi aliinua madebe yake, akapita pale katikati, akainama kwa Jefwa, akaanza kumwaga maji.